Mji uliokua kwa kasi kuliko yote Marekani mwaka 2024 uliongeza watu wangapi hasa?

Tangu Ofisi ya Sensa ya Marekani ilipotoa makadirio ya mwaka 2024, nimesomewa mara nyingi kupita kiasi hoja kwamba Wamarekani wanayaacha majiji makubwa na kukimbilia Princeton. Naizungumzia Princeton ya Texas, si ile ya New Jersey yenye chuo kikuu. Hoja hiyo ina kosa la msingi, na linanikera zaidi kwa sababu hesabu ya kulisahihisha hufundishwa shule ya msingi.

Katika mwaka ulioishia Julai 1, 2024, Princeton ilikua kwa asilimia 30.6 na kufikia watu 37,019, kasi ambayo haikufikiwa na mji mwingine wowote nchini humo wenye wakazi 20,000 au zaidi. Lakini asilimia hiyo imepigwa juu ya msingi wa watu wapatao 28,300, kwa hiyo ongezeko lenyewe ni la watu takriban 8,700. Katika kipindi hichohicho jiji la New York liliongeza watu 87,184, yaani mara kumi, na wote hao wakaonekana kama asilimia moja tu kwa kuwa jiji hilo lina wakazi karibu milioni 8.5. Houston iliongeza 43,217. Ni kweli kwamba ongezeko la New York limebebwa na wahamiaji kutoka nje ya nchi, huku wakazi wake wengi wakiendelea kuhamia majimbo mengine. Hata hivyo, hilo huthibitishwa kwa takwimu za uhamaji, na orodha ya miji kwa asilimia ya ukuaji haisemi lolote kuhusu nani ametoka wapi.

Historia ya Princeton si ndefu. Reli ilipita hapo mwaka 1881, kati ya Greenville na McKinney, kwenye ule udongo mweusi mzito wa kaskazini mwa Texas uliolimwa pamba. Jina lilitokana na mmiliki wa ardhi, Prince Dowlin. Mwaka 1945 wafungwa wa kivita wa Kijerumani waliwekwa kambini hapo na kufanyishwa kazi mashambani. Hadi sensa ya mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 3,477.

Kilichobadilika ni umbali wa jiji kubwa la Dallas, si kwa kilomita bali kwa nyumba zilizozidi kusogea. Princeton iko katika Kaunti ya Collin, kwenye barabara kuu ya 380, mashariki ya McKinney na karibu na Ziwa Lavon, na wimbi la ujenzi lililoifikia lilikwisha kupita kwa majirani zake. Plano ilikuwa na watu 17,872 mwaka 1970 na 72,331 miaka kumi baadaye. Frisco ilitoka 6,141 mwaka 1990 hadi 200,509 mwaka 2020. Princeton ya mwaka 2020, yenye watu 17,027, ilikuwa basi karibu sawa na Plano ya nusu karne iliyotangulia. Sasa angalia muongo wa 2010 hadi 2020: Princeton ilikua kwa asilimia 150 na Plano kwa asilimia 10, lakini Plano iliongeza watu 25,653 na Princeton 10,220. Viwanja vinapokwisha na msingi unapokuwa mkubwa, asilimia hushuka hata kama watu bado wanaingia, na uongozi wa orodha huhamia mji unaofuata ambako ardhi bado ni ya bei nafuu.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka. Namba 37,019 haikutokana na kuhesabu watu. Ofisi ya Sensa hukadiria wakazi wa kaunti nzima kwa vizazi, vifo na uhamaji, kisha huwagawa kwa miji kwa kufuata idadi ya nyumba, ambayo husasishwa zaidi kwa vibali vya ujenzi. Katika mji uliotulia njia hiyo inatosha. Katika mji kama Princeton nina mashaka nayo: nyumba mpya inaweza kukaa miezi bila mnunuzi, na hapo makadirio huzidi, au ikachukuliwa na familia kubwa kuliko wastani uliotumika, na hapo hupungua. Ndiyo maana kila toleo jipya hurekebisha miaka ya nyuma hadi 2020, na anayechukua mwaka mmoja kutoka toleo la zamani na mwingine kutoka toleo jipya, kisha akatoa namba moja kwenye nyingine, anapata ongezeko ambalo halikutokea.

Asilimia ina kazi yake, na kazi hiyo ni kupima mzigo. Watu 8,700 ni wachache kwa New York, lakini kwa mji wa watu 28,300 wanahitaji mabomba, mitambo ya maji taka, polisi na madarasa ambayo hayakuwapo mwaka uliotangulia. Septemba 2024 baraza la mji wa Princeton lilisimamisha kwa muda maombi mapya ya ujenzi wa makazi, kwa siku 120 za kwanza, kisha likarefusha muda huo. Nyumba zilizokwisha kuidhinishwa ziliendelea kujengwa, kwa hiyo asitokee mtu wa kushangaa akiona mji uliofunga milango ya vibali bado ukipanda kwenye makadirio.