Korona ishapita, mbona mtu bado hajakaa sawa?

Wengi wetu tunaamini korona ilipokwisha na hofu yake ikaisha, sasa mtu akibaki hana usingizi ati kapungukiwa imani au ana shetani. Imani haina kosa hapo jamani, mwaka wa kwanza tu wa korona sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi viliongezeka duniani kwa kama robo hivi, na wenye dini wamo. Huku kwetu 2020 mahoteli ya Nungwi, Zanzibar, yamefunga, mtu kutwa anaangalia simu haiiti, na deni la dukani halikuondoka na kirusi. Dua soma, hospitali nenda pia. Jipime mwenyewe wiki 2: usingizi, hamu ya kula, raha ya mambo uliyoyapenda, vikipotea karibu kila siku kamuone daktari, na ukitumiwa voisi ya wasapu inayosema ni shetani tu, muulize aliyekutumia kaitoa wapi.