Kula na Kunywa Ukiwa Zamu: Maswali na Majibu kwa Wachezaji wa Michezo ya Nyambizi

Mchezo wa kuiga nyambizi hauna haraka. Unaweza kukaa saa nzima ukiisubiri meli moja itokeze kwenye upeo wa macho, ukipiga hesabu za mwendo wake na mwelekeo wake. Kisha zinakuja dakika kumi za kupigana, halafu saa mbili za kujibanza kilindini, kimya, hadi manowari zilizo juu zichoke kukutafuta. Safari moja inakula jioni nzima, na mara nyingi usiku nao. Maswali yafuatayo yanahusu kile kinachoingia mdomoni muda wote huo.

Mbona nikicheza nakula sana na wala sikuwa na njaa?

Kwa sababu kinachotafuta shughuli ni mdomo, tumbo halijaomba kitu. Ule muda mrefu wa kungoja ndio hasa unaoupeleka mkono kwenye pakiti. Macho yako kwenye ramani, sikio liko kwenye hedifoni, mkono hauna kazi.

Lakini kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Shibe haitoki tumboni peke yake. Ubongo hukumbuka ulichokula, na kumbukumbu hiyo hupunguza hamu ya kula saa zinazofuata. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya kwa kuwapa watu chakula cha mchana cha aina moja. Baadhi walikula huku wakicheza karata kwenye kompyuta, wengine walikula bila mchezo wowote. Waliocheza walihisi hawajashiba kama wenzao, wakashindwa kukumbuka vizuri vyakula walivyokula vilifuatana vipi, na walipoletewa biskuti nusu saa baadaye walikula nyingi zaidi. Na ile ilikuwa karata tu. Mtu anayefuatilia kina, betri na mlio wa propela kwa wakati mmoja ana nafasi ndogo zaidi akilini ya kukumbuka kwamba amekwisha kula.

Kwa hiyo usije mezani na pakiti nzima. Mimina kiasi unachokusudia kula kwenye bakuli, pakiti ibaki jikoni. Bakuli likiisha utalazimika kusimama ili kuongeza, na kule kusimama ndiko kunakokupa nafasi ya kujiuliza kama kweli una njaa.

Mabaharia wa nyambizi halisi hula vipi?

Kwa zamu. Katika nyambizi za Kijerumani za aina ya VII, zile zilizotumika sana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu zaidi ya 40 waliishi ndani ya chombo chenye urefu wa mita 67 hivi. Vyoo vilikuwa viwili, na mwanzoni mwa safari kimoja kilijazwa vyakula kwa kukosa pa kuviweka. Nyama na mikate vilining'inizwa popote penye upenyo. Vyakula vibichi viliwahiwa kabla havijaoza, mkate ukaota ukungu kwa unyevu, na baada ya hapo ikabaki kula vya makopo.

Nyambizi za nyuklia za leo hutengeneza hewa na maji yake zenyewe baharini, kwa hiyo akiba ya chakula ndiyo inayoamua zitakaa huko muda gani. Katika zile za Marekani, mbali na milo mitatu ya kawaida, kuna mlo wa nne wa usiku wa manane kwa ajili ya wanaobadilishana zamu.

Mimi ningependa wachezaji waige jambo hilo kuliko mengine yote: mlo una saa yake. Baharia hula kabla ya kushika zamu au baada ya kuikabidhi, kisha anarudi kazini. Nawe igawe safari yako katika zamu za saa mbili. Zamu ikiisha, hifadhi mchezo, usimame, uende kula mahali pasipo skrini, hata kama ni dakika kumi na tano tu. Ndani ya mchezo unaweza kuharakisha muda na kuvuka bahari kwa dakika chache, lakini tumbo, figo na usingizi vinaendelea kuhesabu kwa saa ya ukutani.

Nile nini kabla ya kuanza?

Mlo kamili, usiozidi kiasi, yapata saa moja kabla. Uwe na protini, kama mayai, maharage, samaki au kuku, pamoja na mboga na nafaka isiyokobolewa, kwa sababu protini na nyuzinyuzi humeng'enywa taratibu na kukushikilia muda mrefu. Ukijaza tumbo kupita kiasi utasinzia kwenye zile saa za kungoja. Ukianza na njaa, ndipo biskuti zitakapokuwa chakula chako cha usiku.

Ni vitafunio gani vinafaa kuwa karibu?

Hapa mchezo wenyewe unatoa jibu. Ukiwa kilindini unategemea sikio: haidrofoni, yaani kifaa cha kusikilizia sauti majini, inakuletea mlio hafifu wa propela, nawe unataka kujua kama manowari inakaribia au inaondoka. Mtu anayetafuna krispi wakati huo hasikii kitu. Sauti ya kutafuna hupita kwenye mfupa wa taya hadi sikioni, na hedifoni zinazoziba masikio huifanya ivume zaidi. Kama mnacheza wengi na maikrofoni iko wazi, wenzako nao wanasikia taya zako badala ya adui.

Vitu laini, basi, ndivyo vya zamu: ndizi, vipande vya embe au papai vilivyokatwa mapema, yai la kuchemsha, jibini, mtindi usiotiwa sukari, mkate wa ngano nzima uliopakwa siagi ya karanga. Karoti, tufaha, karanga, korosho na bisi visubiri mapumziko. Si vibaya hata kidogo, ila vina kelele. Karanga na korosho chagua zisizo na chumvi na ule kiasi cha kiganja kimoja, maana zina mafuta mengi mazuri lakini zinajaza nishati upesi kuliko mtu anavyodhani.

Krispi, soseji na tambi za haraka za pakiti zinanitia wasiwasi kwa sababu ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Pakiti moja ya tambi pamoja na kiungo chake chote inaweza kukuchukulia sehemu kubwa ya kiasi hicho. Tia nusu ya kile kiungo, uongeze yai na mboga.

Jambo dogo linalosahaulika: kipanya na kibodi ni vichafu. Nawa mikono kabla ya kula, na uma mdogo mezani utakuepusha kupeleka mafuta kwenye vitufe na vijidudu mdomoni.

Ninywe maji kiasi gani? Nikinywa sana nitakimbilia chooni katikati ya mashambulizi.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inakadiria kuwa mwanamke anahitaji lita 2 na mwanamume lita 2.5 za maji kwa siku, yakijumlishwa ya vinywaji vyote na yale yaliyomo kwenye chakula. Joto likiwa kali utahitaji zaidi. Huna haja ya kupima kila glasi. Tazama mkojo: ukiwa wa manjano hafifu uko sawa, ukikoza rangi ongeza maji. Chupa ya nusu lita kwa kila zamu ya saa mbili inatosha, ukiinywa kidogo kidogo.

Kuhusu choo, nakusihi usijizuie kunywa ili usiende. Wapo wanaobana mkojo kwa saa nyingi kwa sababu manowari bado inazunguka juu. Kubana mara kwa mara huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa wanawake. Mchezo unasimamishwa kwa kitufe kimoja. Na kama mnacheza wengi na hausimamishiki, mkabidhi mwenzako kituo chako, kama wanavyofanya mabaharia wenyewe.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu je?

Kahawa si adui. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na zisizidi 200 kwa mara moja. Mjamzito asizidi 200 kwa siku nzima. Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina miligramu 90 hivi, chai nyeusi kama 50, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kama 80. Hesabu hiyo huharibika haraka, kwa sababu makopo makubwa ya nusu lita yana mara mbili ya hapo, na mtu huyafungua mawili usiku mmoja bila kufikiri kwamba amekwisha kunywa kahawa jioni.

Tatizo kubwa ni saa unayokunywa. Mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini, na kwa wengine muda huo ni mrefu zaidi. Ukinywa miligramu 200 saa 3 usiku, saa 8 usiku bado una 100 ndani yako, kama vile umemaliza kikombe sasa hivi. Katika utafiti wa mwaka 2013 nchini Marekani, watu waliopewa miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Panga saa yako ya kulala kwanza, kisha rudi nyuma kwa muda wa saa nane, na hapo ndipo kahawa ya mwisho iwe. Baada ya hapo kunywa maji, au chai ya tangawizi isiyo na majani ya chai.

Ukijikuta unahitaji kopo ili macho yasifumbe, hakuna kinywaji kinacholipa deni la usingizi. Hifadhi mchezo ukalale. Usichanganye vinywaji hivi na pombe: kafeini huficha hisia ya kulewa, haiondoi ulevi, hivyo mtu huendelea kunywa akidhani yuko timamu. Watoto na vijana wadogo wasipewe kabisa, na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu azungumze na daktari wake kwanza.

Soda moja nikiinywa polepole usiku kucha ina ubaya gani?

Kwa meno, kuinywa polepole ni kubaya kuliko kuimaliza na mlo. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ya mdomoni ikishuka chini ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), na soda ya kola iko karibu na 2.5. Kila funda huwasha upya shambulio hilo, na mate huhitaji kama nusu saa kulizima. Ukipiga funda kila dakika kumi, mate hayapati nafasi. Soda zisizo na sukari nazo zina asidi, ingawa zinakupunguzia ile sukari ya gramu 35 hivi iliyomo katika kopo la mililita 330. Kiwango bora kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 25 kwa siku, kwa hiyo kopo moja tu limekwisha kukipita. Kama lazima uinywe, iwe kwenye mlo, suuza kwa maji, na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Chakula nilichopika jioni kikikaa mezani, naweza kukila usiku wa manane?

Kikikaa zaidi ya saa 2 nje ya jokofu, hapana. Pakua kidogo, kingine kiingie kwenye jokofu, na ukipashe moto hadi kitoe mvuke.

Nina kisukari na ninatumia insulini. Nizingatie nini zaidi?

Swali hili ningependa kila mchezaji mwenye kisukari alisome mara mbili. Sukari ikishuka mwilini, unatokwa jasho, mikono inatetemeka, moyo unadunda. Mabomu ya kina, yale ambayo manowari hukutupia yalipuke chini ya maji, yakianza kulipuka karibu na nyambizi yako, mwili hufanya hayohayo kwa sababu ya msisimko. Ndipo mtu anapodhani ni mchezo kumbe ni sukari. Pima kabla ya kuanza na kila mwisho wa zamu, na ukihisi dalili, pima hata kama uko katikati ya vita. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, chukua gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka, kama nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula kitu chenye wanga. Hapa soda yenye sukari ni dawa, na iwe karibu na mkono wako. Usiruke mlo kwa sababu ya mchezo ikiwa tayari umechoma insulini ya mlo huo.

Ni dalili gani za kunifanya niache kila kitu?

Mwaka 2003 madaktari wa New Zealand waliripoti habari za mwanamume wa miaka 32 aliyekuwa akikaa mbele ya kompyuta hadi saa 18 kwa siku. Damu iliganda mguuni na bonge lake likasafiri hadi mapafuni. Alipona, lakini ilikuwa karibu afe. Kutembea kidogo kila mwisho wa zamu kunapunguza hatari hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kuacha chakula jikoni badala ya kukisogeza mezani.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye misuli ya nyuma na ukawa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana, pumzi ikakata ghafla, au moyo ukadunda ovyo baada ya vinywaji vya kafeini na usitulie, usisubiri kukuche. Amsha mtu akupeleke.