Mionzi na tiba ya kinga: shika kalenda

Mgonjwa wa Dar es Salaam akisikia "tiba ya kinga" hudhani ni chanjo, au njia ya kukwepa mionzi. Si chanjo, na haikwepeshi mionzi: ni dawa ya dripu inayoachia kinga ya mwili ipambane na saratani. Mionzi huharibu vinasaba vya seli ya saratani, nayo ikifa humwaga mabaki yanayoamsha limfosaiti, askari wa mwili. Uvimbe hujilinda kwa kukanyaga breki ya askari hao, PD-1. Pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo, huizuia isikanyagwe. Ila limfosaiti hufa kwa mionzi kidogo tu, kwa hiyo muda wa kuanza dripu una uzito wake.

Kwenye saratani ya mapafu ya hatua ya 3 isiyofaa kupasuliwa, durvalumabu, dawa nyingine ya kinga, ilisaidia ilipoanzwa ndani ya siku 42 baada ya kumaliza mionzi na kemo. Ilipoanzwa pamoja navyo haikuongeza kitu. Saratani ya mlango wa kizazi ni kinyume: utafiti wa KEYNOTE-A18, wenye wanawake 1,060, ulitoa pembrolizumabu miligramu 200 kila wiki 3, mara 5, sambamba na mionzi na sisplatini (dawa ya kemo), kisha miligramu 400 kila wiki 6, mara 15. Baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 82.6, dhidi ya 74.8 wasioipata. Durvalumabu ilijaribiwa kwenye ugonjwa huohuo ikashindwa. Usibadilishe moja kwa nyingine eti zote ni za familia moja.

Dripu ikichelewa, mionzi isiisubiri. Kwa mlango wa kizazi, mionzi ya nje na ile ya ndani (inayowekwa ndani ya mwili) ikamilike ndani ya siku 56. Mashine ikiharibika, fidia kwa vikao 2 siku moja, vikipishana angalau saa 6.

Kinachotuchanganya zaidi ni kuhara. Kuhara kwa mionzi ya nyonga huanza wiki ya 2 au ya 3, hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Kukianza miezi baadaye, kukiwa na damu, au choo kikizidi kawaida yake kwa mara 4 kwa siku, usikimbilie loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, ya duka la dawa: itaficha utumbo unaoshambuliwa na kinga yenyewe. Pima choo kutafuta maambukizi, kisha prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ipunguzwe taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Ukiikata ghafla, kuhara kunarudi.

Kikohozi kikavu na kuhema? Huenda kinga inashambulia mapafu, au ni TB. Makohozi yapimwe TB kabla ya prednisoloni. Oksijeni ikiwa imeshuka, usingoje majibu. Anza zote siku hiyohiyo, kipimo na dawa.