Gobore la milimani: chuma cha makabwela, jasho la fundi

Wateja wanaokuja karakanani kwangu, hapa mashariki mwa Tennessee, kuulizia gobore la gumegume, lile linalowasha baruti kwa cheche za jiwe, huwa na swali moja: "Fundi, ukiweka chuma badala ya shaba, bei si itashuka?" Bei inapanda, ndugu yangu.

Mafundi wa Pennsylvania wa karne ya 18, wengi wao wenye asili ya Kijerumani, walipenda shaba ya manjano kwenye bunduki zao ndefu. Shaba unaiyeyusha, unaimimina kwenye kalibu ya mchanga, inatoka na umbo lake. Kilichobaki ni tupa na msasa. Huku milimani, Tennessee na magharibi mwa North Carolina, mafundi kama wale wa ukoo wa Bean walitumia chuma. Kilikuwa kinayeyushwa karibu, shaba ilitoka mbali. Ndipo watu wakayaona haya kuwa magobore ya makabwela. Sawa, lakini chuma cha mhunzi hakimiminwi. Kila kona unaitafuta kwa nyundo.

Chukua kikingio cha kifyatulio. Mimi nakifua vipande viwili: upinde unaozunguka kidole, na mkia mrefu ambao vidole vingine vinaushika. Upinde naukunja juu ya pembe ya fuawe chuma kikiwa rangi ya chungwa. Kikishafifia na kuwa wekundu wa giza narudisha motoni, maana hapo nyundo inaacha makovu tu, haisogezi kitu. Unene nauacha kama milimita 3, na kingo nazipunguza kwa tupa.

Kuviunga ndiko kwenye roho mkononi. Napiga tupa pale vinapokutana hadi pang'ae, natoboa, natia ribiti, kisha naweka boraksi (unga unaosaidia shaba kushika chuma) na vipande vidogo vya shaba. Unavukuta polepole. Boraksi inaumuka kama maziwa yanayotaka kufurika, halafu inalala na kung'aa kama kioo. Hapo usipepese macho: ghafla shaba inalainika, inameta, inanywewa na ufa. Toa! Mwaka wangu wa kwanza nilizubaa, nikaendelea kuvukuta. Mkia ukaanza kurusha cheche kama fashifashi za sikukuu, na nilipoutoa nusu yake ilikuwa imeungua. Kazi ya siku nzima ikaishia kwenye pipa la vyuma chakavu. (Na milango iwe wazi: moshi wa zinki unaotoka kwenye shaba unaleta homa mbaya usiku.)

Bamba la kitako nalo lina ukaidi wake. Limebonyea katikati ili likae begani, kwa hiyo nalipigia juu ya gogo la mwaloni nililolichonga shimo. Kulilaza kwenye mti ndiko kunakokula saa. Nalipaka masizi ya taa, nalibana kwenye kitako, nalitoa. Palipopata weusi pamegusa, basi nachonga hapo kidogo kwa patasi. Napaka tena. Hata mara arobaini. Ukikasirika ukalikaza kwa skrubu lingali halijakaa, mti utapasuka, na mti wenyewe ni mepo wenye mawimbi, ghali kuliko chuma chote kilichomo.

Vile vibomba vya kushikilia mdeki, yaani ufito wa kushindilia baruti na risasi, ni rahisi: bati la chuma la milimita 1, unalizungushia nondo nene kidogo kuliko mdeki wenyewe, unakutanisha masikio yake chini, basi.

Rangi sipaki. Napaka siki yenye chumvi, naacha kutu ipande, nasugua, narudia siku kadhaa, kisha namwagia maji ya moto na kumalizia kwa mafuta ya kitani. Kutu inataka unyevu, na penye unyevu nyumbani kwetu ni bafuni. Mama watoto ameacha kulalamika. Siku hizi anasogeza kikingio pembeni, anachukua mswaki wake.