Kiashiria cha kijiografia ni nini, na mkulima wa kahawa wa Kibosho, Kilimanjaro, anapata nini humo

Ukipita soko la Kilombero hapa Arusha upande wa nafaka utakuta malundo ya mchele yamepangwa, kila lundo limechomekwa kipande cha boksi kimeandikwa kwa maka peni MAGUGU, KYELA, KAHE, na bei yake chini. Wateja wa Magugu wanaongeza hela bila kelele maana wanaamini ule mchele unanukia na unachambuka vizuri kwenye sufuria. Sasa nani kathibitisha kwamba ni wa Magugu kweli? Ni yule muuzaji na maka peni yake basi. Anaweza akawa mkweli kabisa, anaweza pia akawa kachakachua, debe mbili za Magugu kazimwaga kwenye gunia la mchele wa kawaida, na mkulima wa Magugu hana pa kwenda kulalamika, jina la kwao kila mtu anajichukulia tu.

Hapo ndo kinapoingia hiki kitu kinaitwa kiashiria cha kijiografia. Ni jina la mahali linalolindwa kisheria likibandikwa kwenye bidhaa, kwa masharti kwamba bidhaa itoke kweli hapo mahali na ubora au sifa yake iwe imetokana na hapo mahali, iwe ni udongo, baridi, maji au ujuzi wa watu wa pale. Ndivyo inavyosema TRIPS, ule mkataba wa 1994 wa mali bunifu (haki za uvumbuzi, majina na nembo) ulio chini ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, na Tanzania tumo. Kwa hiyo kuandika tu "imetengenezwa Tanzania" hakutoshi, msumari wa Arusha na msumari wa Mwanza unapigilia mbao ile ile, lakini kahawa iliyolimwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la Wachaga, chini ya migomba, kwenye udongo wa volkano na maji ya mfongo, ule mfereji wa asili unaotoka mlimani, hiyo huwezi kuihamishia popote ukategemea itoke vile vile.

Watu wengi wanachanganya na alama ya biashara. Alama ya biashara ina mwenyewe, kampuni au mtu, akiamua kesho anaiuza kwa mtu wa Dubai na kiwanda kinahamia huko. Kiashiria hakiuzwi na hakihami. Aliye ndani ya mpaka na anayefuata masharti anatumia jina, awe na heka hamsini au ana kihamba kimoja alichorithi kwa babu yake, na aliye nje ya mpaka hata kama ni tajiri kiasi gani hagusi.

Na masharti yenyewe wanaandika wazalishaji, hii ndo kazi ngumu kuliko hata kwenda kusajili. Mpaka unaishia wapi, mbegu gani inaruhusiwa, inavunwa vipi, inakaushwa wapi, nani anakagua na nani anamlipa mkaguzi. Wafaransa wana jibini yao ya Roquefort, maziwa lazima yawe ya kondoo na jibini ilale kwenye mapango ya kijiji hicho hicho, mfalme wao aliwapa wanakijiji hiyo haki tangu 1411 na sheria ya kisasa ikaja 1925. Wagiriki nao walipambana na Wajerumani na Wadenishi waliokuwa wanatengeneza feta kwa maziwa ya ng'ombe, hadi Mahakama ya Ulaya mwaka 2005 ikasema feta ni ya Ugiriki. Wengine walichelewa. Cheddar ni kijiji kule Uingereza, lakini leo cheddar inatengenezwa dunia nzima na hamna wa kumkataza mtu, jina likishazoeleka kama aina ya kitu basi limekufa kwa wenyewe.

Turudi kwetu. Kahawa ya Kilimanjaro inajulikana sana Japani. Wenzetu wale wana kanuni zao za lebo za kahawa, na kwenye hizo kanuni "Kilimanjaro" maana yake ni kahawa aina ya arabika iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Soma tena hapo. Kahawa ya Mbinga, kule karibu na Ziwa Nyasa, au ya Mbozi, ikifika Tokyo inaweza kuuzwa kama Kilimanjaro na hamna aliyevunja sheria. Alafu kwenye mchanganyiko, ikifika asilimia 30 tu ya hiyo kahawa jina linaruhusiwa kukaa mbele ya pakiti. Simlaumu Mjapani, kajiwekea utaratibu unaomlinda mnywaji wake, na mkulima wa Mbinga naye anastahili soko. Lakini wa Kibosho, wa Rombo, wa Machame, hawa ambao mlima unaonekana mlangoni kwao, kwenye ile meza hawakukaa, jina la mlima wao limewekewa mipaka na watu wengine. Tena hawa ni watu walioanza ushirika wa kahawa tangu 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaja 1933, na mnada wa kahawa upo hapo hapo Moshi mjini, yaani sio watu wa kufundishwa biashara ya kahawa.

Afrika wapo waliofanikiwa. Pilipili manga ya Penja ya Kameruni inalimwa kwenye udongo wa volkano kama wa kwetu, wakaandika masharti yao, wakasajiliwa 2013 na shirika la mali bunifu la nchi za Afrika ambazo nyingi zinatumia Kifaransa, na bei ya kilo ikapanda mara kadhaa. Rooibos ya Afrika Kusini ikaingia kwenye daftari la viashiria la Ulaya 2021. Ethiopia ikapita njia nyingine kabisa, kuanzia 2005 waliomba majina ya kahawa zao za Sidamo, Harrar na Yirgacheffe yasajiliwe Marekani kama alama za biashara za serikali, wakavutana na Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, mpaka wakaelewana 2007. Mi naona walikuwa na akili, wakulima wao ni wengi mno na wametawanyika, kumkagua kila mmoja kama kule Roquefort ni gharama ambayo hakuna ambaye angeilipa.

Upande wa sheria, mambo ya mali bunifu si ya Muungano. Zanzibar waliviweka viashiria kwenye sheria yao ya mali ya viwandani ya 2008, unaweza kukisia walikuwa wanawaza karafuu. Huku bara mlango tuliouzoea ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na sheria ya alama za biashara na huduma ya 1986. Na kuna kifungu kwenye TRIPS ambacho watu wanakiruka: nchi nyingine hailazimiki kulinda jina ambalo halijalindwa kwenye nchi yake lilikotoka. Maana yake huwezi kwenda kumbana mtu wa Ulaya au Japani wakati nyumbani hujafunga geti.

Ugomvi utakuwepo, tusidanganyane. Ukisema "kahawa ya Kilimanjaro" unaanzia mita ngapi juu, mtu wa tambarare anaachwa? Na Wameru wa Arumeru, mlima wao ni mwingine, wajiite Meru au waombe kuingia? Vitunguu vya Mang'ola vitahitaji mpaka pale Ziwa Eyasi, na jirani wa bonde la pili atasema maji ni yale yale.

Alafu kuna hili la hela inaishia wapi. Jina likishapanda bei, anayefaidi kwanza ni yule anayebandika lebo, sasa kama mkulima kishauza kahawa yake ya maganda kwa mlanguzi mwezi wa ada ya shule, nembo inakuja kubandikwa huko mbele kwenye mzigo ambao si wake tena. Ndo maana kwingi kiashiria kinashikwa na chama cha wazalishaji wenyewe. Kwetu vyama vya msingi vipo, maghala yapo, daftari la wanachama lipo, kwa hiyo mtu akitaka kuanza aanzie kwenye mkutano mkuu wa AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, aulize mzigo wao ukishauzwa mnadani unafika sokoni kwa jina gani.