Anwani ya IP ya swichi ni ya kazi gani?

Swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa kebo, haihitaji anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) ili ipitishe data. Ile ndogo ya matundu matano inayouzwa madukani hapa Kisumu haina IP yoyote, na kompyuta zinawasiliana vizuri tu. Yenyewe husoma anwani ya MAC ya kila kifaa (namba ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani), ikajua data hii itokee tundu lipi.

Mfikirie msimamizi wa steji. Abiria wa Kakamega hupanda matatu na kwenda zao bila kujua namba yake ya simu. Anayeitaka namba ni mwenye gari, akiwa mbali, anapotaka kuuliza gari lake liko wapi. IP ya swichi ndiyo namba hiyo. Ni yako wewe fundi, uingie kwa SSH (njia salama ya kukipa kifaa amri ukiwa mbali) au kwa kivinjari, uone tundu lipi limekufa, ubadilishe VLAN (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi), kisha utoke.

Swichi mpya ya Cisco huwa naianza kwa kebo ya konsoli, ile ya kutoka laptopi moja kwa moja hadi kwenye swichi, kasi ya biti 9600 kwa sekunde. IP haiwekwi kwenye tundu. Huwekwa kwenye VLAN:

interface vlan 1
ip address 192.168.10.2 255.255.255.0
no shutdown

Mstari wa pili una anwani pamoja na maski inayoonyesha mtandao unaishia wapi. Wa tatu unawasha. Chagua anwani iliyo nje ya zile ambazo ruta huvigawia vifaa yenyewe (DHCP), la sivyo siku moja simu ya mgeni itapewa namba ileile ya swichi yako, na utafute mchawi wiki nzima.

Kuna mstari wa nne, na huo nimeulipia nauli. Nilifunga swichi katika shule moja Kakamega. Laptopi yangu ikiwa imechomekwa palepale, niliingia bila shida, nikahifadhi, nikaaga. Kufika Kisumu, najaribu kupitia VPN, njia ya faragha ya kuingia mtandao wa shule nikiwa mbali: kimya. Nikampigia mwalimu wa kompyuta.

"Mwalimu, samahani, mtandao umekatika huko?"

"Hapana, fundi. Wanafunzi wako kwenye intaneti sasa hivi."

Nilikuwa nimesahau hii:

ip default-gateway 192.168.10.1

Ujumbe wangu ulikuwa unaifikia swichi, lakini jibu halikuwa na njia ya kutoka. Kwa aliye ndani ya mtandao uleule swichi hujibu moja kwa moja. Kwa aliye nje, lazima ijue ruta ya kuipa jibu ilipeleke. Data ya wanafunzi haikuhusika, maana kompyuta zao zina lango lao, yaani anwani ya ruta ya kutokea. Kesho yake nikapanda matatu kwenda kuandika mstari mmoja. Baadaye ndipo nilikumbuka kwamba ningemwomba mwalimu aniruhusu kuingia kwenye kompyuta yake, niifikie swichi nikiwa ndani.

Halafu VLAN 1. Kwa kawaida matundu yote ya Cisco huanzia humo, kwa hiyo ukiacha IP ya usimamizi hapo, mwanafunzi yeyote mwenye kebo anaweza kufika kwenye ukurasa wa nywila. Mimi huipeleka kwenye VLAN yake peke yake, na Telnet, njia ya zamani ya kuingia kabla ya SSH, naizima kwa sababu hupitisha nywila wazi. Kazi hiyo ya kuhamisha IP naifanya nikiwa nimesimama mbele ya swichi, kebo ya konsoli mkononi, maana ukiihamisha ukiwa mbali unaweza kujifungia nje.