Rasgula haitaki beking pauda

Vile vidonge vyeupe vinavyoelea kwenye shira, ukivibonyeza vinatoa maji kama sponji, ndiyo rasgula, kitindamlo cha watu wa Bengal na Odisha, mashariki mwa India. Inataka maziwa, ndimu, sukari na maji, basi. Vitu vikiwa vichache hivyo, watu hudhani kuna siri wanafichwa.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba bila beking pauda rasgula haivimbi. Kinachoivimbisha ni mvuke. Chena, yaani maziwa yaliyokatwa kwa ndimu na kuchujwa, hubaki na unyevu. Ikitumbukizwa kwenye shira inayochemka kwa nguvu, unyevu ule hugeuka mvuke na kusukuma kutoka ndani, kidonge kikakua karibu mara mbili. Lakini chena lazima iwe imeshikana ndipo imudu kutanuka bila kupasuka, na hiyo ni kazi ya mkono. Ieneze kwenye sinia, uisukume mbele kwa kitako cha kiganja dakika 8 hadi 10, mpaka chembechembe ziishe na kiganja kianze kuteleza kwa mafuta. Ukiviringa kidonge ukaona nyufa, rudi kukanda.

“Shira nzito ndiyo inayonogesha.” Hii iliniumiza mimi mwenyewe. Nilichemsha shira mpaka ikanata vidoleni, kama ya kaimati, nikatia vidonge vyangu; vikasinyaa, vikawa vigumu kama kokwa. Nilikuwa nimesahau kwamba kaimati huiva kwenye mafuta kwanza, shira huivaa tu. Rasgula inaivia humo humo kwenye shira, na sukari ikizidi huvuta maji kutoka ndani ya chena. Kwa chena ya lita 1 ya maziwa, kikombe 1 na nusu cha sukari kwa vikombe 6 vya maji kinatosha. Funika, moto mkali, dakika 15. Shira ikianza kuwa nzito, ongeza maji ya moto kidogo. Utamu utaingia baadaye, vidonge vikilala kwenye shira saa kadhaa.

Wapo wanaongoja maziwa yachachuke yenyewe. Hapana. Maziwa yawe ya siku hiyo, yasiyotolewa mafuta. Yakichemka, zima moto, subiri dakika 1 au 2, kisha tia ndimu iliyochanganywa na maji, kidogo kidogo, na uache mara tu unapoona maji ya kijani hafifu yamejitenga. Chuja kwa melimeli, suuza kwa maji baridi ili ukali wa ndimu utoke, ning'iniza nusu saa. Usiikandamize kwa jiwe: chena iliyokandamizwa ikakauka ni paneer, nzuri kwa mchuzi, si kwa rasgula. Maziwa ya nyati, yanayopendwa India kwa vitamu vingine, hutoa chena ngumu, ndiyo maana kwa rasgula hutafutwa ya ng'ombe. Ya pakiti yanayokaa miezi bila friji yaache, chena yake hulegea na kumeguka.

Kuna pia wanaosema serikali ya India iliamua kwamba rasgula ilizaliwa Bengal. Mwaka 2017 jimbo la West Bengal lilipewa alama ya kijiografia, yaani utambulisho rasmi wa bidhaa na mahali inakotoka, kwa rasgula yake, na mwaka 2019 Odisha ikapewa kwa ya kwao. Kila alama inalinda mtindo wa mahali pake, wala haisemi nani alianza. Kolkata, mji mkuu wa West Bengal, wanamtaja Nobin Chandra Das, mtengeneza vitamu wa mtaa wa Bagbazar, aliyetengeneza ile nyeupe ya sponji mwaka 1868. Puri, huko Odisha, rasgula hutolewa kwa mungu wa kike Lakshmi siku mungu Jagannath anaporejea hekaluni baada ya safari yake ya magari ya kukokotwa. Ya Odisha ni laini zaidi, na mara nyingi rangi yake huelekea kahawia.

Na yale maji yaliyochuruzika chini ya melimeli, ambayo wengi huyaona uchafu, yana protini na ladha. Kandia unga wa chapati.